Adabu za bichi: kushusha boti bila kugombana na watu

TrelaNyuma (mwanzisha uzi)

Wadau wa ziwa, hamjambo.

Nimefungua uzi huu kwa sababu siku hizi wikendi haipiti bila makelele kwenye bichi zetu hapa Kisumu, Ziwa Victoria. Boti za faiba za burudani zimeongezeka, na hilo si baya. Tatizo ni namna watu wanavyozishusha majini. Jumamosi iliyopita, kwenye bichi ambayo sitaitaja, bwana mmoja alishuka na gari na trela mpaka katikati ya mteremko wa zege, akavuta handibreki, ndipo akaanza kujipanga. Soda zikatoka kwenye buti, spika ikatoka, jaketi za kuokolea bado zimo kwenye nailoni za dukani, mtoto anatafutiwa kofia. Majini boti ya wavuvi wa mbuta (sangara) inaelea ikingoja nafasi, na juu lori la barafu limewashwa likingoja hao samaki. Kijana wa bichi alipomwomba asogee, akajibiwa: "Nimelipa."

Ni kweli alilipa. Lakini ada ile ni ya kupita, si ya kukaa.

Maoni yangu ni kwamba adabu ya rampu, yaani huo mteremko wa zege, karibu yote, hufanyika kabla gurudumu halijaigusa rampu yenyewe. Simama juu, pembeni, mahali ambapo lori linaweza kukupita. Hapo ndipo pa kupakia vitu. Hapo ndipo pa kuangalia kama kizibo cha nyuma kimefungwa, maana boti isiyo na kizibo hujaa maji palepale, na rampu nzima inafungwa mkiihangaikia. Fungua mikanda ya nyuma inayoishika boti kwenye trela. Ule mkanda wa mbele wa winchi, roda ya kuvutia boti kwenye trela, uache mpaka boti iguse maji. Wako walioufungua mapema na boti ikaporomoka juu ya zege kavu. Funga kamba mbili, moja omo (mbele) na moja tezi (nyuma), umkabidhi mtu anayejua kwamba kazi yake ni kushika kamba, si kupiga picha. Petroli, ufunguo, kasia la akiba, kila kitu kimalizwe huko juu. Ukianza kuteremka iwe imebaki kupiga rivasi, boti ielee, ivutwe pembeni, gari lirudi juu. Dakika chache tu.

Rivasi nayo ina mambo yake. Trela huelekea kinyume cha usukani, na dereva ambaye hajazoea akiona kila mtu anampungia mkono kwa upande wake, ataishia kwenye gati. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Mwenye gari achague mtu mmoja wa kumwelekeza, wengine wanyamaze. Na wewe uliyesimama kando bila kuombwa, usimcheke. Kumzomea mtu anayejifunza rivasi ni utovu wa adabu sawa na wa yule mwenye spika.

Alfajiri na usiku, mnaongoja foleni juu mkiwa mmeelekea ziwani, zimeni taa kubwa. Anayeingia kutoka majini haoni kitu, na anayerudi nyuma na trela zinampiga usoni. Taa ndogo zinatosha.

Kurudi ndiko kugumu zaidi. Mchana upepo ukishaanza kuvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, mawimbi yanainuka na kila mtu anakumbuka nyumbani kwa wakati mmoja. Usiilaze boti mdomoni mwa rampu huku dereva bado anatafuta funguo. Mshushe pembeni akalete gari, nyinyi mngoje nje kidogo. Boti ikishapanda kwenye trela, toka nayo. Maji yachuruzike juu, mikanda ifungwe juu, kamba zikunjwe juu.

Nimesema yangu. Karibuni.

KondeleProbox

Huyo bwana nilimwona, na hujamaliza hadithi. Saa kumi jioni alirudi akafanya vilevile akipandisha. Boti imeshakaa kwenye trela, yeye anakunja hema palepale kwenye zege, mkewe anamwambia "baba, watu wanangoja", anajibu "si wangoje". Nilitaka kupiga honi nikakumbuka niko na Probox, nitaonekana mimi ndiye sina adabu.

MamaWaOmena

Mimi si mtu wa boti, ni mtu wa samaki. Ninyi wanaume mnazungumzia zege. Mimi nitazungumzia neti iliyotandazwa kando ya zege. Ile ni omena yangu, dagaa wa ziwani. Nimeinunua alfajiri kwa pesa ya mkopo, naianika. Jua likiwaka vizuri, jioni naikusanya imekauka. Mvua ikinyesha, nimekula wa chuya. Sasa mtu anashuka garini na viatu anakatiza juu yake eti hakuona njia nyingine. Au anageuza trela, tairi linapita ukingoni mwa neti, omena zinasagika na mchanga. Ukimwambia, anatoa shilingi mia mfukoni anauliza, "Hiyo inatosha?" Omba radhi kwanza, baba. Pesa tutaizungumza baadaye.

La pili ni salamu. Mtu anafika saa 1 asubuhi, anatukuta tumekaa mstari mzima, hasemi oyawore wala habari za asubuhi. Saa 8 mchana anakuja na tabasamu anataka tumwangalizie gari lake lisikwaruzwe. Gari la nani? Mwenye gari hatumjui.

La tatu ni picha. Mwanamke amepiga magoti anaparua samaki, magamba mpaka usoni, khanga imelowa. Wewe unamchukua video kwa simu unaipeleka kwenye mitandao. Uliza tu. Wengi tutakubali, na wengine tutakuomba ungoje tujifunge kitambaa vizuri.

Na la nne, samahani wanaokula. Bichi nyingi zina choo. Ulizeni choo kiko wapi, acheni kuingia kwenye matete. Kichocho kinatokana na hayo. Mayai yanatoka kwenye haja ya mtu, yanaanguliwa majini, vijidudu vyake vinaingia kwenye konokono wa majini, na kutoka kwa konokono vinakuja kuingia kwenye ngozi ya anayesimama majini. Wanaosimama majini kutwa ni sisi na watoto wetu. Ninyi mnarudi mjini kuoga maji ya bomba.

TrelaNyuma

Mama, umepiga penyewe. Hilo la neti nilipaswa kulianza mimi.

Milimani_Boti

Nakubaliana na mengi, ila ngojeni kwanza. Bichi ni ya umma. Ada nalipa, kodi nalipa, boti yangu imekaguliwa. Nikifika kwanza, kwa nini boti ya mbuta ipite mbele yangu? Foleni ni foleni. Na tusiwafanye wavuvi malaika. Wanalaza boti upana wote wa bichi, kamba za nanga zimepita chini ya maji huzioni mpaka propela ikazinase, wengine wanashonea nyavu katikati ya rampu kana kwamba ni sebuleni kwao. Halafu kijana anakudai "ya chai" na risiti unayo mkononi. Adabu iwe pande zote mbili.

TrelaNyuma

Ndugu yangu Milimani, nusu ya hayo nakuunga mkono kabisa. Nitaanza na ile nusu nyingine.

Samaki anaharibika. Boti ya mbuta inayoingia asubuhi ina watu waliokesha majini, na ajenti wa kiwanda anapima kwa macho, kwa pua na kwa kidole. Jicho likishafifia na nyama ikishalegea, bei inashuka au samaki anakataliwa. Wewe ukicheleweshwa dakika ishirini umepoteza dakika ishirini za starehe. Yeye amepoteza sehemu ya mshahara wa watu wote walio kwenye boti. Boti za omena ndizo zaidi, kwa sababu wao huvua usiku kwa taa na kurudi pamoja kukicha. Kwa hiyo mwenye boti ya starehe akifika kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, asijiulize nani alifika kwanza. Aje saa 4, atakuta bichi imepumua, na hata vijana wa kumsaidia watakuwa na nafasi.

Hili la "umma" nalo lina mpangilio wake. Bichi za uvuvi Kenya zinasimamiwa na zile kamati tunazoziita BMU, zilizowekewa kanuni mwaka 2007, na sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 nayo imezitambua. Ndani yake wamo wenye boti, mabaharia na wafanyabiashara wa samaki. Wana uwezo wa kutunga sheria ndogo za bichi yao: boti zilale wapi, ada ni kiasi gani, nani ashuke saa ngapi. Ukifika bichi ngeni, tafuta ofisi yao kabla ya kufungua mkanda hata mmoja. Ukiona kibandiko cha ada ukutani na ukapewa risiti, hiyo ya chai huna deni nayo. Kataa kwa upole, na ukirudi ofisini mtaje aliyekudai.

Kamba za nanga: hapo uko sawa mia kwa mia. Anayelaza boti afunge dumu juu ya kamba yake ili wengine waione, na aache njia katikati. Kushonea nyavu kwenye rampu hakuna utetezi. Kuna kivuli, kuna mchanga, kuna mahali pengi.

Kuna jambo vijana hawalikumbuki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, kwa masuala ya usafi, kipindupindu, hata sumu ya dawa za wadudu. Viwanda vilisimama, na bichi zikalia njaa. Ndiyo maana wazee wa bichi ni wakali ukianza kuosha gari kwenye rampu au kumwaga oili. Wengine mnadhani ni roho mbaya.

FundiMashine

Naingilia kama mtu wa injini. Tabia moja inaharibu rampu kuliko malori yote: mtu anapandisha boti kwenye trela kwa nguvu ya injini. Anailenga trela, anakanyaga moto, boti inapanda kwa kishindo, watu wanapiga makofi. Hawaoni kinachotokea chini. Propela inatupa maji kwa nguvu, maji yanachimba changarawe pale zege linapoishia, na baada ya miezi kuna shimo. Ile changarawe iliyotupwa inakuwa tuta nyuma yake. Siku moja maji yamepungua kidogo, trela ya mwingine inapita ukingo wa zege, magurudumu yanadumbukia shimoni, na ekseli inakwama palepale. Nimeitwa kutoa trela za namna hiyo. Inabidi watu waingie majini waiinue kwa mabega, na hapo kila mtu ana ushauri.

Tumia winchi. Ipo kwa kazi hiyo. Ingiza trela vya kutosha boti ielee juu yake, zungusha mkono, imekaa.

Halafu petroli. Hizi injini za stroku mbili zinachanganywa petroli na oili, na watu wanachanganyia kwenye rampu kwa chupa ya soda iliyokatwa. Tone hapa, tone pale, baadaye unaona rangi rangi juu ya maji, na mtu anachota maji hapohapo. Changanya nyumbani, kwenye dumu lenye mfuniko.

La mwisho kutoka kwangu. Mkiona watoto wanaogelea karibu na gati, usiwashe injini. Sukuma kwa kasia mpaka mbali. Na ukiingia, punguza mwendo mapema. Mtumbwi uliojaa omena kingo zake ziko karibu sana na maji. Wimbi lako dogo la nyuma, ambalo wewe hulisikii, linaingia ndani yake.

Milimani_Boti

Hilo la shimo sikulijua. Kuna bichi nimekuwa nikilaumu kontrakta.

BondeLaUfa

Sisi wa Nakuru mjini tunasoma tu kwa wivu. Ziwa letu liko ndani ya mbuga, si la kwenda na trela. Adabu ya kwetu ni kutoshuka kwenye gari. Na lenyewe ziwa halina adabu, lilipanda likameza hadi geti la zamani.

KamereNahodha

BondeLaUfa, njoo Naivasha, ni kaunti hiyo hiyo yako.

Huku kwetu shida ni tofauti kidogo. Karagita na Kamere kuna boti nyingi za kutembeza wageni, na wavuvi wako palepale. Ugomvi mkubwa ni wa abiria. Familia inashuka kwenye gari, kabla haijafunga mlango imezungukwa na manahodha sita, kila mmoja anavuta mkono wa mtoto. Hapo wageni wanatishika, bei inaporomoka, na wote tumepoteza. Ambako kuna zamu, wa kwanza kwenye orodha anazungumza na wengine wananyamaza. Mgeni akikataa bei yake ndipo anayefuata anasogea. Wageni nao wana lao: wanapatana bei na huyu, anatoa jaketi, anawasha injini, halafu wanahamia kwa mwingine aliyepunguza mia mbili. Msifanye hivyo. Petroli ameshachoma.

Pili, viboko. Mtu mwenye boti yake anakuja na trela jioni, anataka kupandisha giza likiingia. Saa hizo kiboko anatoka kwenda kula majani, na njia yake mara nyingi ni hiyo hiyo bichi iliyo wazi. Ukichelewa, huchelewi peke yako. Unawabakiza vijana wa kukusaidia majini saa mbaya. Wavuvi wa huku wameuawa na viboko, si hadithi za kutisha watoto. Panda mapema.

Tatu, na hili nawaambia ninyi mnaovuta boti kati ya Kisumu na Naivasha. Osheni boti kabla ya kuhama. Ziwa letu liliingiliwa na salvinia, gugu jingine linaloelea, miaka ya 1960, kisha gugu maji mwishoni mwa miaka ya 1980, na ninyi Victoria mkalipata kwa wingi miaka ya 1990. Kipande kidogo cha shina kilichonasa kwenye trela kinatosha kuanzisha shamba. Huko huko juu anakosema mwanzisha uzi, ukiwa umesimama pembeni, toa majani yote kwenye ekseli, kwenye propela, chini ya mbao. Fungua kizibo maji yote yatoke. Iache ikauke juani. Na hayo majani usiyasukumie ziwani kwa mguu, yatupe nchi kavu mbali na maji.

KondeleProbox

Gugu maji kwetu likija na upepo, bichi inabaki na kichochoro kimoja cha kupitia. Hapo ndipo utajua tabia za watu. Boti yenye injini kubwa inapita kwa kasi, inasukuma majani yanafunga nyuma yake, na mwenye kasia anabaki katikati hana pa kwenda. Mwenye injini apite taratibu, na akiona wa kasia nyuma amvute kwa kamba. Wazee walikuwa wanafanya hivyo bila kuombwa.

WaUsenge

Huku Siaya na Busia bichi nyingi hazina zege wala gati, ni mchanga na maji ya magoti. Abiria tunabebwa mabegani mpaka kwenye boti. Nao wabebaji wana heshima yao. Patana bei kabla hujapanda mgongoni. Ukishapanda kaa kimya, usirushe miguu, usishike macho yake. Simu weka mfukoni. Nimeona mtu anajipiga picha akiwa juu ya bega la mwenzake, wakaanguka wote wawili, halafu anakataa kulipa eti amelowa! Na mbebaji je, alikuwa mkavu?

Mama mzee na mwenye mtoto wanabebwa kwanza. Hilo halina BMU wala kanuni, anayelivunja anatazamwa na bichi nzima mpaka ajisikie.

MamaWaOmena

WaUsenge nimecheka mpaka nimemwaga chai.

Milimani_Boti

Sawa, nimeelewa, na saa 4 nitajaribu. Sasa nisaidieni kwa hili. Nikifika tu, vijana watano wanashika boti kabla sijasema neno. Mmoja anafungua mkanda, mwingine ameshika kamba, wengine wanagusa tu. Mwishoni wote wananyoosha mkono. Ukimlipa mmoja, wanne wanakuita mchoyo. Ukiwalipa wote, umelipa zaidi ya petroli. Adabu hapa ni ipi?

TrelaNyuma

Hili ni gumu na sidhani lina jibu moja. Mimi hufanya hivi: nikisimama juu, kabla sijafungua chochote, nasalimia, kisha nasema kwa sauti kila mtu asikie, "Nahitaji watu wawili, huyu na huyu, kiasi fulani kila mmoja." Majina nauliza. Waliobaki nawaambia asanteni, siku nyingine. Wakisikia mapema hawakasiriki sana. Wanakasirika wakiwa wameshalowa. Na wale wawili ukirudi jioni watafute hao hao, usiwaajiri wengine wakati wao wamekungoja juani.

Lakini mtu akikudakia kamba upepo unapokusukuma kwenye mawe, huyo hujapatana naye na humwambii sikukutuma. Mpe kitu.

FundiMashine

Naongeza: usimlipe kwa bia. Anayekuelekeza rivasi jioni unamtaka akiwa na macho mawili, si manne.

BondeLaUfa

Mmenitia hamu. Shemeji yangu ana boti ndogo ya faiba, tunataka kuivuta hadi Kisumu mwezi ujao. Tutaiosha, tutafika saa 4, tutasalimia. Swali langu ni gari. Kwenye mteremko handibreki ya hii pikapu yetu siiamini, na mara nyingi naona watu wanaokota mawe kuwekea tairi. Mawe yapo?

TrelaNyuma

Zima injini ikiwa kwenye gia ya kwanza, handibreki juu, na dereva asitoke kwenye usukani mpaka tairi liwe limezuiwa. Abiria wote washuke kabla hujaanza rivasi, hata mtoto aliyelala. Kuna magari yameifuata trela majini na watu ndani.

MamaWaOmena

Mawe yapo, na kila moja lina mwenyewe. Yale makubwa ndiyo viti vyetu, madogo yanashikilia neti zisipeperuke. Mtu anachukua jiwe, anaweka tairi, anaondoka kwenda ziwani, mimi nakuja nakuta nimesimama. Njooni na kabari zenu za mbao, baba. Na ukinunua samaki siku hiyo nitakuchagulia ngege mzuri, nitakuparulia bure.

BondeLaUfa

Kabari nimeandika kwenye orodha. Ngege wawili, mama, na mmoja asiparuliwe, shemeji anapenda kuparua mwenyewe.